Pampu Iliyokataa Kuharibika

Mgeni aliingia Mwambisi kwa miguu, saa nane mchana, amevaa suti nyeusi, tai nyekundu na viatu viwili. Suti na tai watu walikwisha kuziona kwenye mabango ya uchaguzi. Kilichowatoa milangoni ni viatu viwili.

Katika kijiji cha Mwambisi mtu mzima mwenye heshima zake huvaa kiatu kimoja. Sababu ni pampu. Miaka kumi na tisa iliyopita Serikali ya Jamhuri ya Pandashuka ilifunga pampu za mkono nchi nzima kwa siku moja, na kama alivyotarajia kila mtu isipokuwa Serikali, wosha zake, yaani kile kipande cha mpira kinachokaa ndani na kuvuta maji juu, zilianza kulika ndani ya mwezi mmoja. Vijiji vingine viliandika barua. Mwambisi hawakuwa na karatasi. Mwatumu binti Shekuwe, aliyekabidhiwa ufunguo wa pampu kwa sifa moja tu ya kukaa karibu, alivua katambuga yake ya tairi, akakata kisigino kwa kisu cha kumenyea mihogo, akakichonga duara, akakitia ndani. Maji yakapanda.

Tangu hapo kila wosha inapochoka, nyumba moja hutoa katambuga moja, kwa zamu. Hutolewa ya kushoto. Jambo hili liliamuliwa na mkutano wa kijiji uliochukua siku mbili, ambamo wafuasi wa mguu wa kulia walishindwa kwa kura nne na mpaka leo hawajaridhika. Basi ukimkuta mtu mnadani mguu mmoja umevaa na mwingine peku, ujue katoka Mwambisi, na usimwonee huruma, kwa sababu nyumbani kwake kuna maji.

Mgeni alikwenda moja kwa moja kisimani. Mwatumu akampa kata ya maji kabla ya kumuuliza jina. Akanywa ya kwanza kwa kiu, ya pili kwa furaha, na ya tatu taratibu, macho kayafumba, kama mtu anayeaga. Kisha akafuta midomo na kujitambulisha kuwa ni Bwana Mkombola, Naibu Msaidizi wa Mratibu wa Usawa wa Maji katika Wizara ya Maji, Usawa na Mambo Yanayofanana. Ametoka Kitovu, makao makuu. Gari lake limelala njiani tangu juzi.

"Mama," akasema, "maji yako ni matamu sana. Nimetumwa kukuomba pampu hii iharibike."

*

Bwana Mkombola hakuwa mtu mbaya, na ieleweke hivyo mapema. Wakati huo Pandashuka ilikuwa nchi ya kipande kimoja. Kila jambo liliamuliwa Kitovu, na likishaamuliwa lilikwenda kila pembe bila kupungua wala kuongezeka. Watu wa milimani, ambako umande huganda usiku, walipelekewa feni. Watu wa nyikani, ambao mvua wameisikia katika simulizi, walipelekewa makoti ya mvua, na kila mwaka mkaguzi alikuja kuhakikisha kwamba hawajayauza. Shule zote zilifungwa wakati wa mavuno ya mpunga, hata kule ambako mtu akiona mpunga hudhani ni nyasi zilizougua. Kitovu walilijua hilo. Walisema huo ndio umoja.

Kwa pampu ilitungwa Sera ya Usawa wa Matengenezo. Sera hiyo, aliyoieleza Bwana Mkombola akiwa amekaa juu ya ndoo na miguu ikimuuma, ilisema kwamba Serikali sikivu haiwezi kumtengenezea mwananchi mmoja huku mwenzake analia. Ni lazima isubiri wote walie. Pampu zote zilifungwa siku moja, hivyo zote zitatengenezwa siku moja, na siku hiyo haiwezi kufika mpaka ya mwisho iharibike. Wosha, mikono, bolti, grisi na vitabu vya maelekezo vilikuwa tayari ghalani kwa mwaka wa nne sasa. Katika pampu elfu tatu mia nne na kumi na mbili, zilizokwisha kufa ni elfu tatu mia nne na kumi na moja. Wizara ilikuwa imefanya sherehe ya ufunguzi wa matengenezo mara mbili kwa kukosea hesabu. Hata magari yake yalikuwa chini ya sera hiyohiyo, ndiyo maana la Bwana Mkombola litaendelea kulala njiani mpaka lile la Waziri nalo lizimike.

Mwatumu alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana na maneno machache, na hakuwahi kudhani kwamba kuna mtu nje ya Mwambisi anayeifikiria pampu yake. Akauliza watu wa vijiji hivyo vingine wanakunywa nini.

"Madimbwi, mama," akajibu Bwana Mkombola. "Wanakunywa madimbwi, na wanakusubiri wewe."

Hilo ndilo lililomshinda. Angetishwa, angekaa imara kama nguzo. Lakini usiku ule ulikuwa bado haujaingia na tayari alikuwa anaona watu maelfu kwa maelfu wameinama kwenye matope, kila mmoja amegeuza shingo kumtazama yeye.

*

Mkutano uliitwa jioni hiyohiyo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tungule, aliuongoza kwa kusinzia, kama alivyoongoza mikutano yote mizuri. Mtu mmoja akauliza kwa nini Serikali isianze na zile elfu tatu na ushee, Mwambisi ikaachwa kama ilivyo. Bwana Mkombola akaeleza, kwa masikitiko, kwamba huo utakuwa ubaguzi dhidi ya Mwambisi, na Katiba hairuhusu. Mtu wa mguu wa kulia akasema haya ndiyo matokeo ya kutoa vya kushoto. Mwatumu akapendekeza kwamba mgeni aandike tu kuwa pampu imeharibika, arudi zake, na wao waendelee kuchota kimyakimya.

Bwana Mkombola akainamisha kichwa. "Mimi siwezi kuandika uongo, mama. Cheo changu bado ni kidogo."

Wakakubaliana, basi. Kila chungu, pipa na sufuria ikajazwa, na kesho yake mbele ya kijiji kizima Mwatumu alifungua pampu na kutoa wosha kwa mkono wake mwenyewe, akaifunga pembeni mwa kanga. Bwana Mkombola akavua koti, akapampu mara kumi na moja hewani kama taratibu zilivyotaka, akajaza Fomu ya Kuharibika, akagonga muhuri. Akaahidi kuwa vipuri vitafika baada ya siku kumi na nne. Alipoondoka alikuwa na furaha ya kweli, na sehemu kubwa ya kijiji ilimpungia mkono.

Kati ya waliosimama pale alikuwapo Siwema, wifi yake Mwatumu, mke wa kaka yake aliyekuwa machimboni. Siwema aliishi Lukwasa, kijiji cha ng'ambo ya korongo, ambako pampu ilikufa miaka mingi iliyopita, na kila siku alivuka kuchota Mwambisi. Alikuwa na mimba ya miezi minane na ulimi usiobeba mimba, maana kila kilichoingia kilitoka hapohapo.

"Wifi, leo nawe umekuwa serikali," akasema. "Umeninyima maji kwa faida yangu."

Watu wakacheka. Mwatumu hakucheka. Alimshika mkono wakasogea pembeni, akamwambia kwamba akishajifungua hatamwacha mikononi mwa madimbwi. Ndoo moja kila siku, atamvushia mwenyewe, mpaka arobaini ya mtoto itimie.

"Ndoo ya wapi, na pampu umeiua?"

"Ya popote itakapopatikana."

Siwema akamtazama mtu huyu ambaye miaka yote walitaniana bila kupeana hata chumvi, akakosa neno la kumjibu, jambo ambalo Lukwasa hawakulisadiki waliposimuliwa.

*

Siku ya tisa Rais alizungumza redioni. Sauti yake ilikuwa nzito kwa mawazo.

"Ndugu wananchi," alisema, "baada ya miaka hamsini ya utafiti, tumegundua kwamba nchi yetu ni kubwa. Aliye Kitovu hawezi kuijua kiu ya aliye pembeni. Kwa hiyo, kuanzia kesho, kila sehemu itakuwa na kiu yake."

Na kweli, kesho yake Pandashuka iliamka ikiwa Shirikisho la majimbo kumi na moja, kila moja na bunge lake, bendera yake, wimbo wake na Waziri wake wa Maji. Wataalamu waliotunga Sera ya Usawa walihamia jengo la pili upande wa kushoto na kutunga Sera ya Tofauti, na ilisemekana kwamba hawakuwa na haja ya kubadilisha hata meza.

Mwatumu alifurahi kuliko watu wote. Maamuzi sasa yatafanyika karibu na pampu, alijiambia, na mtu akiwa karibu na pampu hawezi kuamua vibaya. Alifagia kisima, akapanga mawe pembeni ili waheshimiwa wakija wapate pa kukaa.

Kabla ya waheshimiwa kulikuja habari za ghala. Tume ya Mgawanyo wa Haki ilikuwa imevipima vipuri vyote kwa mizani na kuvigawa mafungu kumi na moja yenye uzito sawa, bila upendeleo hata wa kilo moja. Jimbo la Mashariki-Kati, ambamo Mwambisi ilijikuta, lilipata mikono yote ya pampu. Jimbo la Kati-Mashariki, lililoanzia ng'ambo ya korongo na kuichukua Lukwasa, lilipata vitabu vya maelekezo. Wosha zote zilikwenda Jimbo la Nyikani, lenye pampu arobaini, na zilizobaki zikawekwa chini ya vikombe vya chai vya mawaziri visiteleze. Kubadilishana kungewezekana kwa mkataba ulioridhiwa na mabunge yote kumi na moja, lakini matatu kati ya hayo yalikuwa bado yanajadili rangi ya viti.

Sera, hata hivyo, hazikukosekana. Jimbo la Milimani lilipitisha sheria ya kunywa kabla ya kiu, ili kuzuia foleni. Jimbo la Mwambao likatangaza kwamba maji ni utamaduni, likayahamishia wizara ya ngoma. Wageni wenye miwani walikuja kutoka nchi za mbali kuisifu Pandashuka kwa kuwa na maabara kumi na moja za sera zinazofanya kazi kwa mpigo. Na ukweli lazima usemwe, maabara moja ilifaulu. Jimbo la Bondeni, ambalo halikuwa na fedha za kuunda tume, lilimpa kila mtunza pampu sanduku la vifaa na ruhusa ya kutumia akili yake, na baada ya siku tano Bondeni nzima ilikuwa inachota. Majimbo mengine kumi yalituma ujumbe kwenda kujifunza. Wajumbe walikula samaki, wakashangaa, wakapiga picha, wakarudi kwao na kutunga sheria ya kukataza kuiga, kwa sababu jimbo linaloiga jimbo jingine limepoteza mamlaka yake.

Mwatumu alipoisikia habari ya Bondeni alihesabu siku kwa vidole. Siku kumi na nne zilikuwa zimepita, na nyingine tano juu yake. Vyungu vilikuwa vimekauka. Alfajiri alikwenda kisimani, akafungua fundo la kanga, akairudisha wosha mahali pake.

*

Maji yalipanda, watu wakacheza, na kesho yake Siwema akajifungua mtoto wa kike. Mwatumu akajaza ndoo, akaiweka kichwani, akashuka korongoni na kupanda upande wa pili. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Siku ya nne Bwana Mkombola alirudi. Suti ilikuwa ileile, tai sasa ya kijani, kwa kuwa alikuwa amegawiwa Mashariki-Kati pamoja na mikono ya pampu. Alifurahi kumwona Mwatumu na akahuzunika kuyaona maji, vyote kwa pamoja, uso ukashindwa kuchagua. Akaeleza tatizo. Pampu ile ilitangazwa kuwa imekufa na Jamhuri. Anayeweza kuitangaza kuwa imefufuka ni yuleyule aliyeitangaza kufa, na Jamhuri yenyewe imeshakufa. Zaidi ya hapo, chini ya Katiba mpya maji yakiwa ardhini ni mali ya Shirikisho, yakipanda ndani ya bomba ni ya Jimbo, na yakitoka mdomoni mwa pampu ni ya Wilaya. Mwatumu akauliza ni wakati gani yanakuwa ya mtu mwenye kiu. Bwana Mkombola akaahidi kuliwasilisha swali hilo.

Likapatikana suluhisho la muda. Pampu itahesabiwa kuwa hai kwa sharti la nyumba moja ndoo moja, mwenye ufunguo mbili, na maji yasitoke nje ya Jimbo. Kamba ikafungwa korongoni, na Bwana Mkombola akapewa kiti, mwavuli na daftari, awe mpaka.

Lakini ukimweka mtu mpole kuwa mpaka, mpaka nao huwa mpole. Kila asubuhi Mwatumu alifika na ndoo kichwani. Bwana Mkombola alimuuliza amebeba nini, yeye akajibu maji, na Bwana Mkombola akaandika daftarini, "Mama mmoja, ndoo moja," kisha akanyanyua kamba. Hakuwa ameandika uongo. Siku zikaenda hivyo, ya kumi, ya ishirini, ya thelathini. Siwema alimwogesha mtoto, akapika uji, na kumsema wifi yake kwa kila kilichomwagika njiani.

*

Siku ya thelathini na tatu alikuja Waziri wa Maji wa Jimbo, Mheshimiwa Dokta Kipangule. Alikuja na matarumbeta. Ilikuwa imegunduliwa kwamba Mashariki-Kati ndiyo yenye pampu pekee iliyo hai katika eneo lote, ukiiacha Bondeni, na Waziri alikuja kuizindua.

Hotuba yake ilikuwa ndefu. Alisema pampu hii ni ushahidi kwamba Jimbo limejitegemea, akaishukuru sera yake ya mikono, akawataja majirani wa Kati-Mashariki ambao kwa roho mbaya wamekataa kuazimisha hata kitabu kimoja cha maelekezo. Kuanzia leo, akasema, hakuna hata tone litakalowavukia. Halafu akamwita Mwatumu mbele. Jimbo linamteua kuwa Mlinzi Mkuu wa Pampu za Jimbo, maisha yake yote. Atapewa sare, kofia yenye nembo, na jozi ya viatu vya ngozi, vyote viwili. Sharti ni kuapa hapa mbele ya watu kwamba maji hayatavuka korongo.

Mwatumu alivitazama viatu, kisha pampu. Miaka kumi na tisa alikuwa ameijua pampu ile kwa sauti. Aliamka usiku akisikia mkono wake unalia kabla haujalia. Kama kuna kitu duniani alichotaka kuulizwa mbele ya watu, ni kama angependa kuilinda mpaka afe.

Akaomba apewe siku saba, kisha ataapa.

Waziri akauliza siku saba za nini.

"Za mzazi, Mheshimiwa. Yuko ng'ambo. Nilimwahidi mpaka arobaini."

Waziri akanong'onezana na wataalamu wake. Walimweleza kwamba mzazi ni suala la Wizara ya Afya, na kwamba, isitoshe, ni mzazi wa jimbo jingine. Akamgeukia Mwatumu kwa upole mkubwa, akamwambia kwamba Jimbo haliwezi kuahirishwa kwa sababu ya ndoo. Mzee Tungule, ambaye safari hii hakusinzia, alimvuta pembeni.

"Binti Shekuwe, siku saba ni nini? Apa. Siwema ni mtu mzima, ataelewa."

"Ataelewa, baba. Ndiyo maana siwezi."

Akaufungua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza ya Waziri, kando ya viatu. Ufunguo alipewa shemeji yake Waziri, aliyekuwa na shahada ya urubani na hakuwa na ndege. Matarumbeta yakapigwa.

*

Siku ya thelathini na nne Mwatumu alipanga foleni kama watu wote, na kwa kuwa anayevuliwa cheo huanzia nyuma, alikuwa wa mwisho. Alipata ndoo yake moja, ile ya nyumba yake. Akaivusha. Wiki ile alikula mihogo ya kuchoma, maana ya kuchemsha inataka maji, na kiu aliituliza kwa kikombe alichopitishiwa na jirani huyu au yule, bila kuambiana kitu. Siwema alipopata habari alimtumia mtu kumwambia aache, hilo dimbwi la Lukwasa likichemshwa mara mbili halina neno. Mwatumu akamjibu kupitia mtu huyohuyo kwamba achemshe maneno yake kwanza.

Pampu ilianza kukohoa siku ya thelathini na saba. Mwatumu aliisikia akiwa mwisho wa foleni, na mikono ikamwasha. Akasogea, akamwambia shemeji wa Waziri kwa adabu kwamba ni wosha, imelika, na kwamba zamu ya kutoa katambuga ni ya nyumba ya Mzee Tungule. Shemeji wa Waziri akamwonyesha tangazo lililosema kuwa kugusa pampu bila cheo ni kosa. Kisha akabadilisha mkono. Kesho yake pampu ikakohoa zaidi, akabadilisha mkono tena. Jimbo lilikuwa na mikono elfu tatu mia nne na kumi na mbili, na sera ya Jimbo ni kutumia kilichopo.

Siku ya arobaini pampu, ikiwa na mkono wa nne unaong'aa kwa rangi mpya, iliwapa watu ndoo za maji ya vumbi, kisha robo tatu, kisha nusu. Ya Mwatumu ilikuwa nusu ndoo. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Korongoni Bwana Mkombola alikuwa amesimama badala ya kukaa. Hakuuliza amebeba nini. Alisema kwamba Waziri ameyasoma madaftari na ameandika barua, na kuanzia leo mama mmoja hatoshi, lazima jina liandikwe. Akashindwa kumtazama.

"Nikiliandika, mama, nyumba yako haitapewa ndoo kwa miezi mitatu. Hata kupanga foleni hutaruhusiwa. Ukirudi nayo sasa hivi, mimi sijakuona."

Mwatumu akaishika ndoo vizuri kichwani kwa mkono mmoja.

"Andika, baba. Ila andika upesi, mtoto ananyolewa."

Bwana Mkombola akaandika. Aliandika jina lote, Mwatumu binti Shekuwe wa Mwambisi, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma kwa shida, na chini yake, mahali pa maelezo ya kosa, akasita, akaandika: "Arobaini." Akanyanyua kamba juu kabisa, kwa mikono miwili, ili ndoo isiguse.

Lukwasa walikuwa wameshamaliza kunyoa. Siwema alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, kichwa kidogo cheupe kwa povu la sabuni kinangoja. Akachungulia ndani ya ndoo.

"Siku ya mwisho ndiyo unaniletea nusu, wifi?"

"Nusu nyingine nimeinywa njiani."

Siwema aliitazama midomo ya wifi yake, iliyopasuka kwa ukavu, na kwa mara ya pili tangu azaliwe hakusema kitu. Alichota, akammwagia mtoto taratibu, kiganja kwa kiganja, mpaka povu likaisha. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Maji yaliyobaki yakamiminwa mtungini, yote. Mwatumu akaigeuza ndoo tupu, akaikalia, akanyoosha mikono apewe mtoto.